Kinati cha Shaba na Saumu Yangu

Kila fundi wa magari niliyemjua Kariakoo zamani hizo alikuwa na mfuko mmoja usiotoboka, nao ni mdomo wake. Ukifungua nati ndogo unaibana kwa midomo, mikono inaendelea na kazi. Mimi niliweza hata kuongea na nati tatu mdomoni, na wenzangu walinitania kwamba siku moja nitakohoa injini nzima.

Ramadhani ile dada yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ulipoingia siku ya pili, mkunga alitoka nje asubuhi akasema mambo yamemshinda, apelekwe hospitali. Mtaani kwetu gari lilikuwa moja tu, lori la Mwarabu mwenye duka la nafaka, nalo moto wake ulikuwa unakatakata. Alinipa bila kusita. Nikafungua plagi zote nne ili nizisugue.

Juu ya kila plagi kulikuwa na kinati cha shaba cha kubana waya. Kwa mazoea nikakipeleka cha kwanza mdomoni, halafu nikakumbuka nimefunga. Nikajiona mcha Mungu kwelikweli. Nikavipanga vyote vinne juu ya injini, na nilipoinama kurudisha plagi ya kwanza, kiwiko kikavikumba. Vitatu vilianguka mchangani. Cha nne kiliingia kwenye tundu la plagi, nikakisikia kikigonga chini, juu ya pistoni.

Sumaku haishiki shaba. Nilijua hivyo, lakini niliijaribu, kwa kuchanganyikiwa tu. Kisha nikapaka grisi kwenye ncha ya waya, nikaanza kukitafuta humo gizani. Kikinasa, kinadondoka kikifika mlangoni mwa tundu.

"Washa hivyo hivyo, fundi," mwenye lori akasema. "Likivunjika, limevunjika langu."

"Na likivunjika njiani, bwana, nani atambeba?"

Shemeji alitaka wamchukue kwa kitanda. Nikamwambia asubiri, kinati kiko karibu kutoka. Akarudi tena, nikamwambia vilevile. Mara ya tatu, baada ya adhana ya adhuhuri, hakuniuliza. Yeye na wanaume watatu walimtoa dada juu ya kitanda cha kamba, wakakiinua mabegani. Dada alikuwa ameuma upindo wa kanga. Hakunitazama, nami nikaliinamia tena tundu.

Kinati kilitoka muda mrefu baadaye, kimeng'ang'ania grisi kana kwamba hakikuwahi kunisumbua. Nikafunga plagi, nikazungusha hendeli mara moja tu, na injini ikaitika vizuri kuliko siku zote. Niliichukia. Niliwakuta Mnazi Mmoja, wanarudi. Dada alikuwa amekata roho kabla hawajafika mjini, na mtoto tumboni. Kanga ilikuwa imemfunika hadi usoni. Tukampandisha kwenye lori lililokuwa limpeleke hospitali, nikamrudisha nyumbani polepole ili asitikisike.

Baada ya arobaini nilimngoja imamu wetu mlangoni mwa msikiti, nikamwamkia, nikamuuliza kama fundi aliyefunga akibana nati mdomoni saumu yake inabatilika. Nilitamani sana aseme ndiyo.

"Kama hajameza kitu, saumu yake haina neno," alijibu huku akitafuta viatu vyake. "Kwani kuna nini?"

Nikamwambia nauliza tu.