Mabuti ya Baba Niliyoyaficha

Siku ya posa yangu, mwanangu, naikumbuka kwa kila kitu chake, mpaka harufu ya ubani aliofukiza mama. Tulikuwa tunakaa Samad Ash Shan, kijiji cha bara huku Omani, mie nina miaka kumi na tisa, na wageni walikuwa wanatoka Sur, mji wa pwani. Asubuhi ile nilifanya jambo nililolidhani dogo. Niliyaficha mabuti ya mpira ya baba yangu.

Ngoja kwanza nikueleze mabuti yenyewe. Yalikuwa ya kijani kilichokoza, marefu mpaka chini ya goti, kitambaa laini ndani, mkanda mdogo pembeni, kazi ya Mwingereza. Baba aliyanunua Unguja kwenye duka la Muhindi pale Darajani, zamani za kusimamia shamba la mikarafuu, na masika ya Unguja hayana mchezo. Tulipohamia Omani vitu vingi vilibaki. Mama aliacha samadari yake na makabati, baba kabeba mabuti. Mama akamuuliza anakwenda jangwani na viatu vya mvua kufanya nini, naye akamjibu kwamba penye shamba pana tope.

Na kweli. Kule maji huja kwa falaji, mfereji unaotoka chini ya mlima, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Ikifika, unafungua kizuizi maji yaingie kwenye mitende yako. Ikiisha unafunga, jirani anafungua. Wenzake baba walinywesha miguu mitupu, kanzu zimepandishwa magotini. Yeye akizunguka na mabuti yake, choff, choff, anavuta mguu kwenye tope. Wakawa wanamtania, "Mzinjibari anangoja masika," naye anacheka nao. Mie sikucheka. Tulikuwa wageni katika nchi ya babu zetu, Kiarabu chetu kibovu, wasichana skuli wananiigiza ninavyosema, halafu ndiyo baba anakatiza sokoni na mabuti hayo. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Uzuri wa mabuti yale sikuuona wakati ule. Leo wajukuu zangu wanayatafuta kwenye simu, yale yale, umbo halikubadilika hata chembe, wanayavaa kwenda Salala wakati wa manyunyu na kupigana picha. Nawatazama nikisema moyoni, lau mngelimuona baba yangu! Kitu kikitengenezwa kwa kazi, na kazi yake kikaifanya, watu hawakichoki. Baba alikuwa akiyaosha kila akirudi, akiyapindua yakauke kivulini, na pakipasuka anatia kiraka cha tyubu ya baiskeli. Yalidumu miaka na miaka.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalonitesa. Baba alikuwa na sukari. Daktari wa Ibra, mji wa jirani, alimwambia mbele yangu ailinde miguu yake, asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, kidonda kidogo tu kinaweza kumletea balaa. Nilikuwepo, nilisikia. Usije ukanitetea kwamba sikujua.

Mabuti siku zote yalikaa mlangoni mwa majlisi, pale pale wageni wanapovua viatu. Nikawaza watu wa Sur, wenye majina yao, wanaweka makubadhi yao kando ya mabuti yenye viraka, halafu wanakwenda kusimulia kwao. Nikayatia guniani, nikayasukuma ghalani nyuma ya mitungi ya tende. Nilikusudia kuyarudisha wakishaondoka.

Wageni wakachelewa. Mvua ilinyesha milimani, wadi, lile bonde la mto mkavu, likajaa maji, magari yakasimama ng'ambo. Ikaingia alasiri, na alasiri ile ilikuwa zamu ya baba. Zamu ya falaji haimngojei mtu. Ukiikosa, mitende itakaa na kiu mpaka mzunguko mwingine, na jua la mwezi ule lilikuwa kali. Baba akasema atawahi kunywesha na kurudi. Nikamsikia mlangoni anatafuta.

"Mwanangu, mabuti yangu umeyaona?"

"Sijayaona, baba."

"Basi, nitakwenda na ndara."

Kutoka mlangoni mpaka kwenye mitende ni hatua kama arobaini, na baba hakuwa mtu wa haraka. Nilikuwa na muda wa kumwita. Nilisimama dirishani nikamtazama mpaka akapotea, na hapo dirishani ndipo ninapojilaumu zaidi kuliko ghalani.

Ndara hazikai kwenye tope. Zikamvuka, akaendelea pekupeku, na mwiba wa kuti la mtende, mrefu kama sindano ya kushonea magunia, ukamwingia unyayoni. Kwa ile sukari hata maumivu hakuyasikia sana. Akauchomoa, akarudi, akaoga, akavaa kanzu safi.

Wageni walifika magharibi haijaingia. Mie na mama tuko nyuma ya pazia na sinia la halua. Mzee wao, ambaye ndiye angekuwa baba mkwe wangu, akashuka garini na kilemba chake cha heshima, na miguuni, wallahi, mabuti ya mpira. Ya kijani, ya Mwingereza. Kumbe aliyavaa kwenda kupima maji ya wadi, na kwao Sur huyavaa kila siku akipokea samaki ufukweni. Akayavua mlangoni bila haya yoyote. Baba alifurahi mpaka uso ukamnawiri.

"Hata mie ninayo haya," akasema. "Yamepotea leo, humu humu ndani."

Wakacheka wote. Nikainamisha uso juu ya sinia, mama akadhani ni haya za mchumba.

Posa ikakubaliwa. Kidonda hakikupona. Wiki ya tatu mguu ukageuka rangi, wakampeleka Ibra, kisha Maskati, wakaukata chini ya goti. Mama aliyakuta mabuti alipoingia ghalani kutoa tende, akayarudisha mlangoni. Baba aliporudi kutoka hospitali aliyatazama, kisha akanitazama mie. "Yameonekana, alhamdulillahi," akasema, akaomba chai.

La kushoto alimwambia mama alitupe. La kulia alilivaa miaka sita, gongo kwapani, akienda kukaa ukingoni mwa falaji kumtazama mtu mwingine akifungua maji yake.

Kwa miaka hiyo sita nilikuwa nimeolewa Sur, na kila mwezi nilikwenda kumwamkia. Njia nzima najisemesha, leo namwambia. Nikifika, shikamoo, marahaba, chai, habari za watoto, na jioni narudi na maneno yangu kama nilivyokuja nayo. Siku moja asubuhi wakanipigia simu. Nilipofika alikuwa amekwisha kuvikwa sanda. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, "Baba, mie ndiye niliyeyaficha." Wanawake wakanishika, wakanitoa nje.

Eda ya mama ilipokwisha nikamwambia na yeye. Hakushtuka. Akaniambia, "Baba'ko alijua tangu siku ile aliporudi hospitali. Alinikataza nisikutajie, alisema utamwambia mwenyewe. Kila akisikia gari lako linasimama, alikuwa akiniambia, 'Leo atasema.'"

Basi, mwanangu, nakuusia. Kitu cha mzazi wako usikionee haya mbele ya watu, kiwe kiatu, kiwe lafudhi yake, kiwe namna anavyokula. Na ukishamkosea, nenda kamwambie leo, hata ukiwa unalia, hata ukikosa pa kuanzia. Usijipe moyo kwamba hajui. Pengine anajua, na amekaa anakungoja. Mwenyezi Mungu akuwekee wazazi wako na masikio yao, akupe na ulimi wa kuwaomba radhi wangali wanaweza kukujibu.