Gali Hii Si Gari

Nina sumaku ndogo niliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, na kwa sumaku hiyo nimewavunjia watu wengi biashara. Ukiigusisha kwenye bodi ya gari ikinasa, hapo pana bati. Ikianguka, hapo pana puti, ule udongo wa kuzibia mashimo, na muuzaji huanza kutazama mawingu. Kazi hii niliijulia kwenye karakana ya matrekta ya miwa, mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliodhani nimeleta chai. Siku hizi sitambai tena chini ya matrekta, lakini mtu wa Kakamega akitaka kununua gari la zamani, hunipigia simu nimkagulie. Maneno makali nampa bure.

Kwa hiyo ndugu yangu mdogo alipostaafu na kusema anatafuta gari la kumpeleka mama kanisani, aliniita mimi. Mama alikuwa ameanguka akavunjika nyonga. Bodaboda hawezi kupanda tena, na gari la kuazima huja Jumapili moja likakosa tatu. Alikuwa anajifunga kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa, anakaa barazani, anasikiliza kengele mpaka inyamaze. Kanisa lenyewe liko ng'ambo ya mto tu.

Ndugu yangu hakutaka haya magari ya siku hizi. Alitaka zee lenye pua ndefu na viti vipana, aina waliyoendesha wakubwa wa kiwanda cha sukari tulipokuwa watoto, sisi nyuma tukila vumbi.

"Mama alikuwanga anazipungia mkono," akaniambia. "Na hakuna iliyosimama hata siku moja."

Nikamwambia sawa, pesa zako, macho yangu.

Tukaanzia Kabras. Tangazo kwenye simu lilisema gari "halijaguswa," na wallahi hata maji hayakuwa yameligusa. Tulilikuta nyuma ya shamba la miwa, matairi yamezama, na kwenye kiti cha nyuma kuku ameatamia mayai. Mwenye gari akatuomba tusifunge mlango kwa nguvu, tutamsumbua.

"Na huyu ingokho ni sehemu ya injini?" nikamuuliza.

"Huyo hayuko kwa bei," akajibu, uso mkavu.

Nikamwambia basi atuuzie kuku abaki na gari, maana kati ya hao wawili ni mmoja tu anayefanya kazi.

Likuyani nako tuliambiwa gari liliachwa na mzungu. Huko kila chuma kikuukuu kiliachwa na mzungu. Kama yote hayo ni kweli, basi wale wazungu waliondoka nchini kwa miguu, kila mmoja akiacha magari sita. Sumaku yangu ilianguka mara nyingi mpaka nikachoka kuinama. Muuzaji akasema ni sumaku yangu iliyoisha nguvu. Yarabi!

Kila tukirudi, nilimsimulia mama, naye akicheka mpaka anashika nyonga. Nilifurahi kumchekesha. Nilikataa gari hili kwa sababu ya rangi, lile kwa sababu ya moshi, jingine kwa sababu muuzaji aliniita mrembo. Mwaka ukaisha, wa pili nao ukaelekea kwisha. Sikuona kwamba kicheko cha mama kilikuwa kinapungua.

Ndipo tukaenda Matete. Gari lilikuwa limesimama karibu na kinu cha kusaga mahindi, na kwenye kioo limening'inizwa kipande cha katoni kilichoandikwa kwa makaa: GALI HII SI GARI.

Sasa, kwetu L na R ni mapacha, ukimwita mmoja anaitika mwingine. Yule mzee alitaka kusema gari hii si ghali. Nilimwelewa mara moja, maana mama yangu husema hivyo hivyo. Lakini mimi ningeachaje utamu kama ule?

"Mzee," nikapaza sauti ili hata wenye foleni ya kinu wasikie, "wewe ndiye muuzaji wa kwanza mkweli katika kaunti hii! Umeandika mwenyewe: hii si gari!"

Wakaangua kicheko. Mzee akatazama katoni, akanitazama mimi, akaifungua taratibu na kuiweka kitini, maandishi yakitazama chini.

Nikakagua. Sumaku ilianguka mara nne. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani. Kwenye sakafu ya nyuma ungeweza kuchuma mboga kupitia tundu. Lakini injini, nisiseme uongo, iliamka kwa mara ya kwanza na kuunguruma bila kikohozi, na breki zilishika.

"Hapana," nikasema.

"Dada, inawaka," ndugu yangu akanong'ona, mkono wake bado juu ya boneti.

"Hata jiko linawaka. Twende."

Jioni, tukinywa chai, nikamsimulia mama habari za katoni, tena kwa kuigiza sauti. Hakucheka.

"Inawaka?"

"Inawaka, mama, lakini..."

"Bleki?"

"Zinashika."

"Kanisani inaweza kufika na kurudi?"

"Ah, mama! Kanisani hata toroli linafika."

Akaweka kikombe chini. "Sasa wewe ulikuwa unataka inipeleke wapi?"

Ndugu yangu akaangalia mlango. Mimi aibu ilinipanda mpaka masikioni. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta gari ambalo mafundi wenzangu wasingenicheka kwa kulichagua. Mama hakuwemo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Kesho yake tulikuwa Matete asubuhi. Foleni ya kinu ilikuwepo, na nyuso ni zile zile. Nikasalimia, mulembe. Mzee akaitikia, kisha akakunja mikono.

"Umerudia nini, mama? Si ulisomea watu hapa? Ukasema si gari. Mimi siwezi kukuuzia kitu si gari."

Watu wakaacha mazungumzo yao. Ndugu yangu akaanza kubembeleza, mzee akamzuia kwa kiganja. Akatoa ile katoni, akanikabidhi.

"Soma."

"Gari hii si ghali," nikasoma kwa kile Kiswahili changu cha kupigwa pasi.

"Hapana. Soma vile iko. Halafu useme maana."

"Gali hii si gari," nikasema, kwa ulimi wa nyumbani niliouficha tangu siku za karakana.

"Maana?"

"Maana yake bei yake si kubwa."

"Na ni kubwa?"

"Si kubwa, mzee. Nilikukosea, nisamehe."

Mama mmoja kwenye foleni akapiga makofi. Mzee akamkabidhi ndugu yangu ufunguo. Mimi hakunipa hata mkono.

Jumapili mama alikaa mbele na kitambaa chake cheupe, mkoba juu ya magoti. Mimi nilikaa nyuma yake, nimeshika kamba ya mlango usifunguke, nyasi zikipita chini ya viatu vyangu. Watoto walitukimbilia nyuma, na mama akawapungia mkono.

"Polepole," akamwambia ndugu yangu. "Nataka watu wanione."

Tulipofika darajani ule mdomo wangu ukaniwasha tena. "Mama, ujue tu, sumaku ilianguka mara nne."

Hakugeuka. "Mimi nilianguka mara moja," akasema, "nikakungoja miaka miwili."

Nikaishika kamba kwa mikono yote miwili mpaka tukafika.