Usaili wa Shangazi

Wewe uliyesoma, umewahi kumfundisha mtu mzima jinsi ya kukosa kazi? Mimi nimemfundisha shangazi yangu.

Shangazi ni dobi wa hospitali. Miaka kumi na sita amefua mashuka ya wagonjwa kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, anayopewa ili asije akadai haki za mwajiriwa wa kudumu. Kisha ikatangazwa nafasi ya msimamizi wa chumba cha kufulia, ajira ya kudumu. Akaitwa kwenye usaili.

Nilimketisha sebuleni, nikajifanya bosi. Bisha hodi. Usikae kabla hujaambiwa. Mtazame anayekuuliza.

"Na usilalamike, shangazi. Anayeponda mahali pake pa kazi haajiriwi."

"Hata wakiniuliza?"

"Hata wakikubana."

"Haya, mwalimu. Maana mdomo wangu huu hauna breki."

Siku ilipowadia nilimsubiri kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano. Mlango haukufungwa vizuri. Sauti ya mwanamume ikauliza, "Mama, kule mnakofulia kuna matatizo gani, na wewe ungeyatatuaje?"

Nilijua anayoyajua. Mashine ya pili haipati joto la kuua vijidudu, kwa hiyo mashuka ya upasuaji huyarudia kwa mkono, kwa maji ya kuchemka. Safi na chafu hupitia mlango mmoja. Nyumbani alikuwa akitusimulia hayo mpaka chakula kinapoa.

"Hakuna tatizo lolote, mheshimiwa. Tunashukuru."

Akaulizwa tena, kwa upole, kama mtu anayetaka kumsaidia. Akajibu vilevile.

Alitoka amenyooka kama askari wa gwaride. "Sijalalamika hata kidogo. Umenisikia?"

Nikasema nimemsikia.

Jioni jina la mtu mwingine likabandikwa ubaoni, aanze kazi kesho yake. Nilitaka kumwambia kosa ni langu. Badala yake nikawalaani wasaili, mikataba na wakubwa wote, huku nikipiga meza ya chakula nyumbani.

"Kula kwanza, baba," akasema. "Hao hawakusikii."

Asubuhi nilimsindikiza kazini. Msimamizi mpya, kijana wa rika langu, alikuwa amesimama mlangoni. Shangazi akatoa mkobani ufunguo wa chumba cha kufulia aliokuwa akiutunza, akaufuta kwa leso, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kijana akaujaribu. Kitasa kikakataa.

"Unauinua kidogo kwanza, mwanangu," shangazi akamwambia, akasogea pembeni ili ajaribu tena.