Bibi Harusi Hapiti Geti

Juzi asubuhi, hapa Syokimau, punda mmoja alisimamisha maendeleo ya nchi nzima. Usicheke, rafiki yangu. Alikuwa anavuta mkokoteni wa mitungi ya maji, maana mifereji yetu hukauka watu wawili wakioga siku moja, na alipofika mbele ya geti la mtaa jirani akapanda miguu yote minne kwenye lami kama nguzo za stima. Nyuma yake magari yakajipanga kutoka pale mpaka, kwa makadirio yangu, Mombasa. Honi juu ya honi. Mimi nilikuwa wa pili kwenye hiyo foleni, nimechelewa kazini kama kawaida yangu, vidole vikipiga ngoma kwenye usukani, goti likitetemeka lenyewe bila kuniomba ruhusa. Mimi si mtu wa kutulia. Hata kanisani hukaa karibu na mlango.

"Buda, toa hiyo kitu kwa barabara!" dereva wa mbele yangu akapiga kelele.

"Nitoe aje?" kijana mwenye punda akamjibu, amening'inia kwenye kamba kama nguo iliyoanikwa. "Shuka umwambie wewe, pengine mnaelewana!"

Nikashuka mimi. Nilijua dawa yake, au nilidhani najua. Punda alinitazama kwa lile jicho, jicho la mtu aliyeitwa kwenye mkutano asiotaka kuhudhuria, na papo hapo pua yangu ikajaa vumbi la Kivaa, jasho la mnyama na harufu ya makonge yaliyolowa. Nikawa na miaka kumi na miwili tena, na nimechelewa tena.

Nililelewa na bibi yangu, ambaye kwa Kikamba tunamwita susu, chini ya kilima cha Kivaa, kwenye boma lililozungushiwa ua wa mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe. Susu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Akikuita kutoka jikoni, watu wa Embu, ng'ambo ya mto Tana, waliitika. Humo jikoni kulikuwa na chungu cha muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda na kupikwa na kunde, na nakuapia chungu hicho kilikuwa kinatokota tangu uhuru bila kuepuliwa. Nikisikia kitu kikichemka taratibu hata leo, puku-puku-puku, tumbo langu linasimama wima.

Tulichokosa ni maji. Kijito chetu kilikuwa kijito kwa jina. Miezi mingi kilikuwa barabara ya mchanga. Ulichimba shimo mpaka mchanga ukabadilika rangi, ukakaa na kata ya kibuyu ukingoja maji yajikusanye, ukateka kidogo, ukangoja tena. Kungoja! Mtoto kama mimi, ambaye hata usingizini nilitembea. Nyuma yangu foleni ya watu na punda, kila mtu anakohoa kukuambia ufanye haraka. Nilitoka nyumbani alfajiri, nikajaza mitungi minne, nikaiingiza kwenye magunia mawili yaliyoshonwa pamoja na kuning'inizwa huku na huku mgongoni kwa punda, nikamfikisha nyumbani, nikanywa chai ya moto mpaka ulimi ukachubuka, kisha nikakimbia shuleni kabla ya kengele. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu punda wetu mzee alikuwa mpole. Kisha punda wetu mzee akafa.

Susu akamtuma sokoni jirani yetu wa boma la chini, mzee aliyesifika kwa ujuzi wa mifugo, na aliyemsifu zaidi alikuwa yeye mwenyewe. Siku ya soko akarudi na jike la rangi ya majivu, kope ndefu kama za mtangazaji wa televisheni.

"Mama, hapa nimekuletea Mkristo, si punda," mzee akatangaza, akimpapasa shingo.

Mkristo akageuka akamng'ata mkono.

"Asi! Ameniuma!"

"Labda ni wa dhehebu lingine," susu akasema, akapokea kamba.

Kung'ata tulizoea. Kupiga teke tulizoea pia. Ulijifunza kupita mbali na nyuma yake. Kilichotushinda ni mageti. Kati ya kijito na kwetu kulikuwa na maboma mengi, na mageti yake yalikuwa vijiti viwili na matumaini tu, lakini punda huyo hakupita hata moja bila kusimama. Alifika, akainamisha kichwa, akateremsha kope, akaganda. Kwetu bibi harusi akipelekwa kwa bwana husimama njiani namna hiyo, hainui mguu mpaka apewe kitu, leso au sufuria, akina mama wakimwimbia. Basi jina likamkaa: Bibi Harusi. Tofauti ni kwamba huyu alitaka kuolewa kwenye kila boma la Kivaa, kila asubuhi, na mimi nikiwa msimamizi wake.

Nilimvuta mpaka mikono yangu ikarefuka, na kama huamini itazame ilivyo leo. Nilimsukuma, nikamwimbia, nikamtolea punje za mahindi kutoka mfukoni. Alikula mahindi na akabaki. Jirani aliyemleta alikuja na fimbo kulinda jina lake. Punda alimrusha ndani ya ua wa mnyaa, mzee akatoka na utomvu mpaka kwenye masharubu, na mtaa mzima ukacheka mpaka jioni. Kuanzia siku hiyo mzee akaapa kwamba yeye na punda huyo hawajuani. Mwalimu wetu, akipita na baiskeli, alisimama akamwamrisha Bibi Harusi kwa Kiingereza safi. Bibi Harusi alilala chini na mitungi yote. Maji ya asubuhi nzima yakanywewa na njia, na mwalimu akaondoka akiangalia saa.

Hiyo saa ya mwalimu ndiyo iliyoninyima usingizi. Kila siku nilifika shuleni kengele imelia zamani, miguu myeupe kwa vumbi, roho juu juu, nikapangwa na wachelewaji kando ya mlingoti wa bendera. Siku moja susu akaniangalia nikivua sare iliyolowa, akaweka mwiko chini, na susu akiweka mwiko chini hata kuku waliacha kuparua.

"Mwana wangu," akasema, "siku ya soko nikiona bado hujafika na maji kabla ya kengele, namrudisha sokoni. Wewe utabeba kwa mukwa."

Mukwa ni ule ukanda wa ngozi unaopitishwa kwenye paji la uso, mzigo ukakaa mgongoni. Mtungi mmoja kwa safari moja. Safari nne. Hakuna shule inayokungoja safari nne.

"Mpaka lini, susu?"

"Mpaka mvua inyeshe."

Sasa elewa kilichonitisha. Dada mmoja wa boma la juu, aliyekuwa akinishinda hesabu, alikuwa ameacha shule mpaka mvua inyeshe. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena. Yeye bado alikuwa anapita na mukwa kichwani, ananisalimu bila kuniangalia. Na Bibi Harusi naye, tulijua sote ni nani aliyekuwa akinunua punda pale sokoni: watu wa lori, waliopakia punda wengi na hawakuwahi kumrudisha hata mmoja.

Wiki hiyo sikukaa chini. Nilikula nimesimama. Na dawa nikaipata kwa bahati tu. Mama mmoja alitoka getini kwake na kibakuli, akaomba maji kidogo ya uji wa mtoto. Nikateremsha mtungi, nikammiminia. "Haya, asante, tuko nayo sasa," akasema. Kabla sijafunga gunia vizuri, Bibi Harusi akaondoka mwenyewe! Akaenda kwa madaha mpaka geti lililofuata, akaganda.

Nikasimama hapo kama nimepigwa na umeme. Huyu hakuwa mkaidi. Huyu alikuwa punda wa muuza maji wa mjini. Maisha yake yote alikuwa amepelekwa geti kwa geti, mwenye maji akagonga mtungi na kuita, akangoja mtu wa ndani ajibu kama anataka ama hataki. Kupita bila jibu, kwake, ilikuwa utovu wa adabu. Sisi ndio tuliokuwa tunampitisha kwa watu kama wezi.

Nikagonga kifuniko cha mtungi, ko-ko-ko, nikaita, "Maji!"

Punda akazungusha sikio.

"Maji! Semeni tu kama mko nayo!"

"Tuko nayo!" mtu akajibu kwa usingizi, na Bibi Harusi akang'oa mguu.

Mwanzoni watu walidhani akili zangu zimeingia jua. Siku ya tatu walikuwa wameshika wimbo. Nilikuwa nikigonga, na kutoka vitandani, kutoka zizini, kutoka chooni, sauti zinatoka: "Tuko nayo! Endelea!" Mwingine: "Tuko nayo, lakini sukari hatuna!" Mwingine: "Msalimie bwana harusi!" Kijiji chote kiliamshwa na mimi, na jogoo wengine nasikia walijiuzulu. Geti moja tu ndilo lililobaki na shida, la mwisho kabla ya kwetu, la yule mzee wa boma la chini. Yeye hakuitika. Mkewe ndiye aliyetuitikia, kwa sauti ndogo, ili bwana asisikie.

Susu hakuamini. "Punda wa kuitikiwa kama padre? Nitaamini nikimwona hapa kabla ya kengele."

Asubuhi ya soko ikafika. Susu alikuwa amevaa viatu, kamba mkononi, amesimama nje ya geti letu. Niliteka maji kama mtu anayezima moto. Tukapanda njia mbio, ko-ko-ko, tuko nayo, ko-ko-ko, tuko nayo, jasho linanitiririka, na jua lilipochomoza tukafika kwa mzee. Nikagonga. Nikagonga tena. Ndipo nikakumbuka: mkewe alikuwa ametangulia sokoni na kuku wake.

Ndani niliona moto ukiwaka. Nilimsikia akinywa chai. Aliinywa kwa mvuto mrefu, makusudi, wa kusikika mpaka Masinga.

"Umau!" nikamwita, kama tunavyoita babu. "Umau, nakuomba, sema tu kwamba mko nayo."

"Mimi siongei na punda."

"Huongei na punda, unaongea na mimi!"

"Na kwa nini punda mwenyewe anasikiliza?"

Bibi Harusi ameinamisha kichwa, kope chini, mpole kama malaika. Kule juu nilimwona susu akianza kuikunjua kamba. Mwalimu wa zamu, nilijua, saa hiyo alikuwa anatembea kwenda kwenye ule mduara wa chuma wa gurudumu la lori unaoning'inia mtini, ambao ndio kengele yetu, nyundo mkononi. Nikalia. Sikulia kwa hila, nililia kweli, kwa sauti ambayo nimeirithi kwa susu, nikipiga mtungi kwa ngumi zote mbili: "Maji! Maji! Umau, maji!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mzee akatoka na kikombe, masharubu yamesimama.

"Msichana, utaniua! Nani amekwambia nataka maji yenu? Sitaki! Hapa tuko nayo! Tuko nayo mpaka tunaogelea! Ondokeni!"

Bibi Harusi alishukuru kwa kutingisha masikio, akaondoka.

Tuliingia kwetu kengele ikiwa bado haijalia. Ililia nikishusha mtungi wa pili. Susu aliikunja kamba polepole, akaitundika mahali pake, akavua viatu. "Nenda shule," akasema. Chai sikunywa. Nilikimbia siku hiyo nikaupita upepo njiani.

Na yule mzee? Kesho yake nilikaribia geti lake nikinyata, na kabla sijainua mkono nikamsikia kutoka ndani, kwa hasira ileile: "Tuko nayo!" Hakuacha tena. Darasa la nane nililimaliza kwa sauti za watu hao. Sekondari niliipata ukubwani, masomo ya jioni baada ya kazi, na mwalimu akiita majina nilijibu "Niko!" mpaka vioo vikatikisika; wenzangu walidhani ni bidii.

Siku hizi Kivaa kuna tangi na bomba, na nashukuru, maana sitamani mtoto yeyote achimbe mchanga alfajiri. Bibi Harusi alizeeka akafa kwenye kivuli cha zizi letu, hakuliona lori. Susu ametuacha. Mzee pia. Lile geti lake sasa ni la chuma, na limefungwa kwa kufuli. Watoto wake wako mjini, pengine hapa hapa Syokimau, pengine ukuta mmoja na mimi. Ningejuaje?

Basi juzi, mbele ya honi za dunia nzima, nikausogelea ule mkokoteni, nikagonga kifuniko, ko-ko-ko, nikainua uso kuelekea lile geti na ghorofa zote zilizo nyuma yake. "Maji!"

Pazia moja lilisogea, likarudi.

"Maji! Semeni tu kama mko nayo!"

"Mathe," yule kijana akaniambia kwa upole, kama anaongea na mama yake mgonjwa, "hapa hakuna kuita. Wao hunipigia simu."

Na kweli, simu yake ikalia mfukoni. Punda akainua masikio kama aliyejibiwa, akang'oa miguu kutoka kwenye lami, akaenda zake kwa madaha, mkokoteni ukimfuata. Barabara ikawa wazi. Dereva wa mbele akaondoka. Wa nyuma yangu wakaanza kunipigia honi mimi, na mimi, mtu asiyejua kutulia, nilikuwa bado nimesimama pale getini, kichwa nimeinamisha, nangoja mtu wa ndani aseme neno.