Simba wa Mlangoni

Yule dada wa kaunta halijui jina la kijana anayevaa vazi la simba. Humwita Simba, maana hajawahi kumwona nje ya manyoya. Kutwa Simba husimama mlangoni mwa duka, duka lenyewe la feni na friji, akikata kiuno na kupungia wapita njia, ulimi wa kitambaa chekundu ukining'inia kwenye lile jichwa kubwa. Muziki ukikatika, huegemea ukuta na kuchomeka kidole shingoni kama mtu anayetafuta pa kutokea. Ukimuuliza hali, sauti huja kama ya aliyetumbukia kisimani: "Tunapambana, dada."

Leo jua lilikuwa la utosi. Mbwa wa tajiri mwenye duka alijilaza mlangoni akihema, ulimi nje. Simba akapiga goti, akampepea kwa karatasi za matangazo. Tajiri akaona. "Maskini mbwa wangu! Mwingizeni kwenye ubaridi, mpeni maji. Na wewe simama, wateja wanapita!"

Ebo! Uvumilivu ukamshinda yule dada.

"Bosi, mbwa anajipoza kwa ulimi. Mtu anajipoza kwa jasho, na la huyu umelifungia zipu! Ule ulimi wake ni kitambaa, utamsaidia nini?"

Akatoka, akamvuta Simba ndani, akamkalisha, akamvua kiatu cha manyoya. Jasho likamwagika kama maji ya mtungi uliopinduliwa.

Tajiri akalitazama lile dimbwi.

"Haya, nani atapiga deki hapo?" akauliza. "Mbwa asije akateleza."