Mbega wa Amani na Mfungo Tano

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalikuwa yakifa. Daktari alishamwambia hakuna dawa, ajiandae. Akajiandaa kwa namna yake: alisema kabla ya giza anataka kupanda msitu wa Amani, awaone mbega wakirukaruka juu ya miti. Maisha yake yote kaishi Tanga, milima ile anaitazama kila mbingu ikiwa safi, na hakuwahi kufika.

Safari nikaipanga mimi, maana dada mkubwa ndiye punda wa nyumba. Basi hadi Muheza, kisha lori la mbao, kisha miguu. Kibali cha kuingia msituni nilikipata, na Mshambaa mmoja mkata mbao akakubali kutuongoza, akatuonya juu ya ruba. Mdogo wangu akashona mikoba miwili ya turubai kwa kupapasa, mshono ukaenda upande. Nilimtania kuwa mikoba ile imelewa. Alicheka sana.

Mama akatuzuia.

"Huu mfungo tano. Mtu hasafiri mfungo tano, mwezi una nuksi."

Nilimwambia macho hayangojei mwezi.

"Wewe mjuzi kuliko waliokuzaa?"

Mikoba tukaitundika ukutani. Ukaingia mfungo sita, akasema haondoki mtu kabla ya Maulidi. Maulidi yakasomwa, vuli ikaanza. Njia ya mlimani ikawa utelezi, lori halipandi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Mimi iliniumiza roho, na mpaka leo nikikumbuka nina hasira.

Mvua ilipokatika nilikwenda mbio kumwambia kuwa lori limeanza kupanda tena. Nilimkuta barazani, cherehani imefunikwa, uso kauelekeza juani wala hapepesi macho.

"Nani huyo?" akauliza, nami nimesimama mbele yake.

"Mimi dada yako."

"Shikamoo, dada."

Nikamweleza habari ya lori. Akasema, "Hao mbega, wakoje?"

"Weusi. Mabegani wana manyoya meupe, marefu. Na mkia mrefu."

"Basi nimeshawaona. Mwambie mwenye lori asitungoje."

Mama akaita toka jikoni, akitaka kujua tumepanga kuondoka siku gani, atuangalizie kama ni njema.

Nikamjibu, "Sasa siku zote njema, mama."