Kasha Lililonyamazishwa

Asubuhi ile Mama Sauti alipofungua kompyuta na kukuta folda ya vitabu imetoweka, hakupiga kelele. Alidhani ni waya. Akauchomoa, akaupuliza, akauchomeka tena. Wapi! Akatoka hadi koridoni, nyuma ya mlango wa stoo, lilipokaa kasha jeusi lenye diski nne ndani, akainama kulitazama. Taa mbili kati ya nne zilikuwa nyekundu.

Hapo ndipo damu ilipomchemka.

Jina hilo la Mama Sauti alibandikwa na wanafunzi wa shule ya wasioona. Kazi yake ilikuwa kuwarekodia vitabu vya masomo. Anamkalisha msomaji kwenye kichumba alichokibandika magodoro ukutani, anamrekodi, kisha anakaa kutwa nzima kukata vikohozi na milio ya viti, sura baada ya sura. Jasho lake lote lilikuwa ndani ya kasha lile, ambalo kompyuta zake zililifikia kupitia mtandao wa nyumbani. Na mitihani ilikuwa inabisha hodi.

Kuhusu kasha hilo alijua jambo moja kubwa. Diski moja ikifa, tatu zilizobaki zinabeba mzigo wake, na kasha linapiga kengele bila kuchoka mpaka mtu aje aweke diski mpya. Zikifa mbili, kasha halifunguki tena. Sasa kengele ilikuwa wapi?

Mumewe alitoka bafuni taulo begani. Alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, mtu wa kulala mchana mapazia yakiwa yamefungwa.

"Baba watoto, hili kasha limewahi kulia?"

"Lililia. Siku nyingi sasa. Ti, ti, ti, kama kifaranga aliyepotea. Nikaona kitufe nyuma, nikabonyeza, likanyamaza."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilitoka zamu, mke wangu. Nilikuwa sijiwezi kwa usingizi. Nikasema nitakwambia, ikanipita."

"Wodini kwako mashine ya mgonjwa ikilia, unaibonyeza ukalala?"

Muuguzi alijifuta uso kwa taulo. Angeishia hapo ingekuwa heri, lakini na yeye alikuwa binadamu. "Sawa, nimekosa. Lakini kazi zote hizo, mama, unaziweka mahali pamoja tu? Nakala nyingine iko wapi?"

Nakala nyingine haikuwepo. Kila mara alisema atanunua diski ya pembeni, na kila mara kikazuka kingine. Swali hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa la haki, na kutoka kwa mtu yule, asubuhi ile, haki ilikuwa tusi. Akaubamiza mlango wa stoo hadi ufagio ukaanguka.

Akampigia simu muuzaji aliyemuuzia kasha.

"Usiwe na wasiwasi, dada," muuzaji alisema, mdomoni akitafuna kitu. "Chomoa hizo mbovu, weka mpya, ingia kwenye ukurasa wa kasha, bonyeza 'Anzisha upya'. Mara moja tu, linarudi kazini."

Mama Sauti akaufungua ukurasa ule kwenye kompyuta akiwa bado na simu sikioni. Kitufe kilikuwepo, kikubwa, cha bluu, kinamwita. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo. Akayasoma mara mbili.

"Kaka, umewahi kusoma kilichoandikwa chini ya hicho kitufe? Kinasema data zote zitafutwa!"

"Lakini dada, kasha si litafanya kazi?"

"Litafanya kazi likiwa tupu kama kichwa chako!" Akakata simu.

Akalizima kasha. Akachomoa diski moja moja, akibandika juu ya kila moja karatasi yenye namba ya nafasi yake, akazifunga kwenye mataulo, akaondoka nazo bila kuaga.

Fundi wa diski alikuwa mwanamke wa makamo, ofisi yake juu ya duka la viatu. Wateja walimwita Bi Taratibu, wengine kwa sifa, wengine kwa kuchoka kumsubiri. Aliichomeka diski ya kwanza mbovu, akategesha sikio. Tak, tak, tak. Akaizima.

"Hii ndiyo iliyofanya kengele ilie. Imekwisha. Ila hii ya pili haijafa. Ina sehemu zisizosomeka, kasha likachoka kuisubiri, likaitoa kundini. Tunainakili yote kwenye diski mpya. Kwanza panaposomeka kwa urahisi, halafu ndiyo tunarudi kubembeleza penye ubovu. Kasha lako hatuliwashi kabisa. Na hizi diski zako hatuandiki kitu juu yake." Akamtazama juu ya miwani. "Nakala nyingine huna?"

"Mume wangu ameshaniuliza."

"Basi ana akili."

"Ana akili ya kubonyeza vitufe!"

Bi Taratibu alicheka peke yake.

Siku za kusubiri nyumba ilipoa kama jiko lililomwagiwa maji. Chakula kilifunikwa mezani bila mtu kukaribishwa. "Mwambieni baba yenu sabuni imeisha," Mama Sauti aliwaagiza watoto, baba mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo. Naye alijibu, "Mwambieni mama yenu nimesikia." Watoto wakahamia kwa shangazi yao.

Mwishowe fundi akapiga simu. Ile nakala ya diski ya pili, pamoja na diski mbili nzima, zilikubali kufunguka kwa kusoma tu. Kila kilichosomeka alikuwa ameshakihamishia pembeni. Alipotoka kwa fundi, Mama Sauti alikaa chini kwenye ngazi za duka la viatu, akalia kwa hasira, si kwa furaha. Siku zote zile, kumbe kengele moja ingetosha!

Vitabu karibu vyote vilirudi. Kilichoharibika ni Biolojia, sura ya figo: sauti inakatika, kimya, inarudi katikati ya neno. Mwalimu aliyeisoma alikuwa ameshahama, hapatikani hata kwa simu.

"Nitasoma mimi," mumewe alisema kutoka mlangoni. Hakutumia watoto safari hii. "Figo nazijua."

Mama Sauti akamwonyesha kiti kwa kidevu.

Muuguzi alisoma. Alimeza miisho ya maneno. "Rudia," mkewe akasema. Akarudia, akapiga mwayo katikati ya aya. "Rudia." Akarudia. Ghafla akasimama: "Hapa kitabu kimekosea. Mkojo hautoki kwenye kibofu kuingia kwenye figo, ni kinyume chake."

"Soma kilichoandikwa!"

"Nisome uongo kwa watoto wa watu?"

Mama Sauti akauchukua ukurasa, akausoma mwenyewe. Kweli kilikuwa kimekosea. Akauma meno. Hasira ilikuwa imemjaa tele, na bado hakuwa na pa kuimwaga.

"Sema lililo sahihi," akasema, akirudisha kidole kwenye kitufe cha kurekodi. "Na usimeze maneno."